Mbuna nao ni wanyama wetu, watoto wawaone

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe yaliyo moyoni mwangu juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni la kuwatembeza watoto wetu kwenda kuona wanyama. Mimi ni mkulima wa kahawa katika Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, na ni baba wa watoto watatu. Mke wangu ni mzaliwa wa Liuli, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa.

Likizo iliyopita ya shule niliamua kutimiza ahadi niliyokuwa nimeipiga danadana kwa muda mrefu. Nilikuwa nimewaambia watoto kwamba wakifanya vizuri katika mitihani yao nitawapeleka Songea kwenye bustani ya wanyamapori ya Ruhila, ambayo inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Wao walifanya vizuri, mimi nikawa sina pa kujificha. Niliuza debe kadhaa za mahindi, tukapanda basi alfajiri, mimi, mama yao, watoto wote watatu na baba mkwe wangu, ambaye ni mvuvi mstaafu na alikuwa amekuja kututembelea. Kutoka Mbinga hadi Songea ni kama kilomita 100, na sasa ni lami tupu, kwa hiyo tulifika mapema.

Ndugu Mhariri, sitaki kuficha furaha niliyoiona siku ile. Mtoto wangu wa mwisho, ambaye ana miaka minne, alipomwona pundamilia kwa mara ya kwanza alipiga kelele akisema, "Baba, punda kavaa jezi!" Watu wote waliokuwa karibu walicheka. Wa darasa la pili alitaka kuwahesabu swala, akawa anaanza upya kila walipohama. Mkubwa, wa darasa la tano, alimwandama kijana mmoja mhifadhi kwa maswali mpaka nikaona haya. Kijana yule hakuchoka. Aliwaeleza kwamba hairuhusiwi kuwarushia wanyama kitu chochote, hata ganda la ndizi, kwa sababu hao ni mali ya Watanzania wote na wengine ambao hawajazaliwa bado. Watoto walilishika neno hilo.

Wakati wa kula, tukiwa tumekaa chini ya mti, mkubwa alimwuliza babu yake kama amefurahi. Mzee akajibu, "Nimefurahi, mjukuu wangu. Lakini kule kwetu majini kuna wanyama wenye rangi kuliko hawa wote, na hakuna mtoto anayewajua ila wakiwa ndani ya sufuria." Watoto walidhani babu anawatania. Mimi pia, nasema kweli, nilidhani ni majivuno ya watu wa ziwani. Ili kumaliza ubishi, mzee alisema twende Liuli atuonyeshe.

Juma lililofuata tukaenda. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita zisizofika 70, na lami sasa inafika. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi safari hiyo ilivyokuwa wakati wa masika, kusukuma gari mteremko na mlima. Kutoka hapo tukashika njia ya Liuli. Huko ndiko liliko lile jiwe la Pomonda ambalo Wajerumani walipoliona wakaiita bandari ile Sphinxhafen, na ndiko meli yao Hermann von Wissmann ilikoshambuliwa na Waingereza mwezi Agosti 1914, mwanzoni kabisa mwa Vita Kuu ya Kwanza.

Mzee alichukua ndoo kuukuu ya plastiki, akakata kitako chake, akaweka kipande cha kioo cha dirisha na kukiziba kwa gundi. Asubuhi ziwa likiwa limetulia alitupakia katika mtumbwi, watoto wawili kwa zamu, akatupeleka kwenye mawe. Aliwaonya wasiingize mikono majini, maana mamba wapo na hawana mchezo. Kisha akaizamisha ndoo kidogo tu, kioo kikiwa chini ya maji, akamwambia mkubwa achungulie.

Mtoto alinyamaza. Kwa yule mwenye maswali mengi, hilo si jambo la kawaida. Alipoinua uso alisema, "Baba, angalia mwenyewe." Nikaangalia. Ndugu wasomaji, nimekaa kilomita chache kutoka ziwa lile maisha yangu yote, nimekula samaki wake tangu sijaota meno, lakini sikuwa nimeona kitu kama kile. Juu ya mawe walikuwamo samaki wa buluu iliyokolea, wengine wa manjano, wengine wana milia kama ya yule pundamilia wa Songea, wakikwangua majani ya ukungu yaliyoota juu ya mawe na kufukuzana kama kuku wenye ugomvi wa uwanja. Hao ndio wanaoitwa mbuna.

Niliporudi nyumbani nilianza kuulizia na kusoma, na niliyoyapata yalinitia aibu. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika, na kina chake kinafika kama mita 700. Lakini sifa yake kubwa ni kwamba hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kama hili. Wataalamu wanasema ni mamia kwa mamia, na wengine wanakadiria zitafika 1,000. Wengi wao ni wa jamaa moja na perege, na karibu wote wa jamaa hiyo waliomo humo hawapatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Wako ambao makao yao ni mawe ya kisiwa kimoja au ghuba moja tu, kwa sababu samaki wa mawe haipendi kuvuka mchanga.

Wapo wenye vituko vya kumfurahisha mtoto yeyote. Yuko mmoja anayejilaza ubavu chini kwenye mchanga kama mzoga, na visamaki vikija kumdonoa anavimeza. Yuko mwingine mwenye pua iliyotokeza juu ya mdomo kwa ajili ya kukwangulia mawe, naye amepewa jina la daktari wa Kijerumani, Friedrich Fülleborn, aliyekusanya samaki hapa mwishoni mwa karne ya 19. Na mbuna jike akitaga huyachukua mayai na kuyalea ndani ya mdomo wake, akakaa majuma kama matatu bila kula sawasawa, mpaka watoto waweze kuogelea. Nani kati yetu amewahi kumsimulia mwanawe habari za mama wa namna hii?

Tangu miaka ya 1960 samaki hawa wamekuwa wakisafirishwa kwenda nchi za nje kama samaki wa mapambo. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani wazazi hulipa kiingilio, wakawabeba watoto wao mabegani ili wawaone samaki wa Ziwa Nyasa ndani ya vioo. Wenzetu wa Malawi walitenga hifadhi ya taifa katika sehemu ya kusini ya ziwa hili mwaka 1980, na mwaka 1984 UNESCO ikaiweka katika orodha ya urithi wa dunia. Sisi upande wetu mtoto wa Mbamba Bay anaweza kumaliza darasa la saba bila kumwona mbuna akiwa hai.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya nishike kalamu. Jioni ile ile, tulipokuwa tunarudi kutoka kwenye mawe, tulikuta watoto ufukoni wanakokota chandarua cha mbu kwenye maji ya magotini. Walikuwa wamepata kama nusu ya ndoo, vitu vidogo kama kucha, watoto wa perege na wa samaki wengine ambao hata jina hawajapata. Mmoja wa watoto wale alikuwa mpwa wa mke wangu. Mwanangu mkubwa alinigeukia akasema, "Baba, kule Songea tumekatazwa kumrushia pundamilia hata ganda la ndizi. Hapa mbona wanachota watoto wote?"

Ndugu Mhariri, sikuwa na jibu. Na kibaya zaidi, usiku ule visamaki vile ndivyo vilivyokuwa kitoweo, nami nilikula. Nyumba ile haikuwa na kitoweo kingine, na aliyevileta ni mtoto aliyedhani anawasaidia wazazi wake. Kwa hiyo siandiki barua hii kumlaumu mtu. Naandika kwa sababu swali la mwanangu bado limenikaa kooni.

Najua sheria ipo. Sheria ya Uvuvi ni ya mwaka 2003, na kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza kokoro. Vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali navyo vimeundwa. Lakini sheria peke yake haiwezi kumfikia mtoto wa miaka tisa mwenye chandarua. Mtoto huyo haijui thamani ya kile anachokichota, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha. Na samaki hawa wa mawe, kwa kuwa hutaga mayai machache na kuyalea mdomoni, wakimalizwa mahali fulani hawarudi upesi kama dagaa. Na kama makao yao yalikuwa jiwe lile tu, hawarudi kabisa.

Kwa hiyo naomba wahusika wafikirie mambo matatu.

Kwanza, kila shule ya msingi iliyo kando ya ziwa, kutoka Lituhi hadi Mbamba Bay na kuendelea, iwe na ndoo kadhaa za kioo kama ile ya baba mkwe wangu. Gharama yake ni ndoo kuukuu, kipande cha kioo na gundi. Walimu wawatoe wanafunzi mara moja kwa muhula, wakiwa na wavuvi wazoefu, katika mitumbwi imara na mahali palipo salama, wakaone. Wazee wavuvi wapo, na maarifa yao yanazikwa pamoja nao.

Pili, ijengwe nyumba ndogo ya samaki Mbamba Bay, hata yenye matangi machache tu ya vioo, yenye majina ya samaki kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Barabara imekwisha fika, na jiwe la msingi la bandari mpya liliwekwa mwaka 2024. Wageni watakuja, na watauliza kuna nini cha kuona. Lakini kuwe na uangalifu: samaki anayetolewa kwenye jiwe fulani arudishwe pale pale. Ng'ambo, katika kisiwa cha Thumbi Magharibi, wafanyabiashara waliwahi kumwaga samaki wa sehemu nyingine za ziwa, na wageni hao wamebaki huko wakigombea mawe na wenyeji.

Tatu, vijiji vyenyewe vikae katika mikutano yao vichague mawe na maji mafupi ambayo watoto wa samaki wataachwa wakue, na wakati huo huo familia zisaidiwe kupata mabwawa ya samaki na nyavu halali. Kumnyang'anya mtu chandarua bila kumpa njia ya kupata kitoweo ni kumfundisha kuvua usiku.

Najua watakuwapo watakaosema kwamba shule zetu zina upungufu wa madawati, zahanati zina upungufu wa dawa, nami naleta habari za samaki wa rangi. Nawajibu kwa mfano wa kwetu milimani. Wazee wetu Wamatengo walichimba ngoro kwenye miteremko, yale mashimo yanayozuia udongo usichukuliwe na mvua. Hawakuwa matajiri, na njaa walikuwa nayo. Walichimba kwa sababu waliona kwamba udongo ukishuka bondeni, mjukuu hatakula. Ziwa nalo linahitaji ngoro zake, na mtu hachimbi ngoro katika shamba asilolijua.

Ruhila nitarudi, Mungu akipenda, na nawashauri wazazi wenzangu wa Mbinga, Nyasa, Namtumbo na Tunduru wawapeleke watoto. Mtoto akimwona mnyama kwa macho yake, maneno ya mhifadhi yanaingia. Hilo nimelishuhudia. Ninachoomba ni kwamba neno lile aliloambiwa mwanangu mbele ya pundamilia, kwamba ni mali ya Watanzania wote na ya wasiozaliwa bado, aambiwe pia mpwa wangu pale ufukoni, akiwa amechungulia ndani ya ndoo ya kioo.

Mimi nimeanza. Nimetengeneza ndoo mbili na kuzipeleka Liuli. Mpwa wangu amepewa moja, naye ndiye anayewaonyesha wenzake. Chandarua bado kipo nyumbani kwao, sijui kama kimepumzika. Lakini mama yake ananiambia kwamba siku hizi anapotoka ziwani huleta kwanza majina ya samaki aliowaona, ndipo huulizwa kitoweo kiko wapi.



Mzazi na mkulima,
Mbinga, Ruvuma.