Siku 22 zetu ziandikwe

Alfajiri hapa Katindo tunapishana nao njiani: wenzetu wenye wanatoka ekipi ya usiku. Macho mekundu, nguo nyeupe kwa unga. Waliingia saa kumi na mbili ya mangaribi, wametoka saa kumi na moja ya asubui. Hesabu mwenyewe: masaa 11. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inasema masaa 9 kwa siku, 45 kwa juma.

Lakini kuna kitu kingine chenye vijana wengi hawakijui. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinasema: mtu wa kulipwa kwa siku, akisha kufanya siku 22 ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho.

Patron anajua. Njo maana siku ya 20 ama ya 21 unaambiwa: « Pumuzika kwanza, tutakuita. » Ama unaendelea kuja, lakini nusu ya siku zako hazimo katika daftari ya kapita.

Hatumchukii kapita. Wengi ni vijana kama sisi, walianza kwa kubeba mifuko. Anaongezewa pesa kidogo, anabebeshwa usiku muzima: mashine ikiharibika ni yeye, mfuko ukipotea ni yeye. Mara nyingi yeye pia hana mkataba. Lakini jina hilo la kapita limetoka kwa wakoloni, mtu mweusi mwenye aliwekwa kusimamia weusi wenzake. Hatulazimishwi kuendelea nayo.

Watatuambia: « Mushukuru, muko na kazi, muji uko katika vita. » Vita haikufuta kifungu cha 40.

Tunadai:
– masaa ya kila ekipi yabandikwe mulangoni mwa kiwanda;
– inspekta wa kazi apite usiku pia, si muchana tu;
– kapita apewe mkataba, ili aweze kuandika ukweli bila woga.

Na wewe, ndugu, dada, usingoje. Leo hii andika katika simu yako: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Mwenzako afanye vile vile. Daftari moja inaweza kudanganya. Simu makumi tatu zenye kusema neno moja, ni vigumu.