Nani Kakwambia Pemba Hakuna pa Kula?

Kuna sentensi nimechoka kuisikia. Huitamka watu wazima wenye digrii zao, tena kwa sauti ya huruma, kama wanaonipa pole ya msiba: "Pemba kuzuri, lakini hakuna pa kula." Nimeisikia kwa wanafunzi wenzangu wa shahada ya uzamili, nimeisikia melini, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba nimeisikia kwa Wapemba wenyewe wanapowaonya wageni wao wabebe biskuti.

Mimi ni mtoto wa Tumbe, kaskazini ya Pemba, Wilaya ya Micheweni. Naomba niijibu sentensi hiyo vizuri, kwa sababu ndani yake mna uongo mmoja na ukweli mmoja, na wanaoisema huwa wanashika ule uongo na kuuacha ukweli.

Tuanze na uongo. Anayesema hakuna pa kula hamaanishi kwamba watu wa Tumbe wanashinda na njaa hadharani. Anamaanisha hakuna mkahawa wenye menyu, viti vya kuzunguka, intaneti ya bure na ukuta wa kupigia picha. Kwake yeye, "pa kula" ni mahali palipojengwa ili mtu asiyejuana na mtu aingie, alipe, aondoke bila kusalimia. Mahali pa namna hiyo ni kweli Tumbe ni haba. Lakini tangu lini hiyo ndiyo maana pekee ya kula nje?

Likizo iliyopita nilikuja na marafiki watatu: mmoja wa Morogoro, mmoja wa Tanga, na mmoja wa mjini Unguja ambaye ndiye aliyekuwa mbishi kuliko wote. Jioni moja, baina ya Magharibi na Isha, tuliamua kutembea kwa miguu na kula kila tutakachokikuta. Tulianza na pweza wa kuchemsha, anayekatwa vipande vidogo mbele yako na kumwagiwa pilipili na ndimu. Tukaenda kwenye karai la muhogo wa kukaanga na chatne ya nazi. Tukapita kwa bajia za kunde, kisha mkate wa kusukuma na maharage ya nazi, vyote vimefungwa kwenye karatasi za madaftari ya skuli, mpaka rafiki yangu wa Morogoro akawa anasoma hesabu za darasa la sita huku anatafuna. Tukamaliza kwa kahawa chungu na kipande cha halua. Wanne sisi tulishiba, na fedha tuliyotumia isingetosha sahani moja ya chakula kwenye hoteli za ufukweni.

Wala hatukukaa peke yetu. Kwetu, ukimpita mtu anakula, yeye ndiye anayeanza: "Karibu." Unajibu "Starehe" ukiwa umeshiba, na ukiwa na njaa unanawa. Mbishi wetu wa mjini alijibu "Starehe" mara mbili. Ya tatu akanawa.

Sasa niseme jambo ambalo wapenda menyu hawalioni. Tumbe ni bandari ya wavuvi na soko lake la samaki linajulikana Pemba nzima. Asubuhi samaki wanamwagwa, dalali ananadi, wanunuzi wanapandishiana, na kabla jua halijawa kali changu, chewa, nguru na pweza wakubwa wameshapakiwa kwenye barafu na safari imeanza. Wengine wanaishia Wete na Chake Chake, wengine wanavuka bahari kwenda Unguja. Dagaa wanachemshwa kwa chumvi na kuanikwa, na dagaa wakavu wa Zanzibar wanafika hadi Kongo. Kinachobaki kwa karai la jioni ni kile ambacho mnada haukukitaka.

Kwa hiyo mtu anakula pweza wa kwetu kwenye hoteli ya ufukweni Unguja, anampiga picha, anamsifu, kisha anafuta mdomo na kusema Pemba hakuna pa kula.

Najua nitajibiwa kwamba mvuvi ana haki ya kuuza kwa anayelipa zaidi. Anayo, na simlaumu. Ana mafuta ya mashine, ana nyavu za kushona, ana watoto wa kusomesha. Ninachosema ni hesabu ya kawaida. Pweza akiuzwa mbichi akapanda gari, Tumbe inabaki na bei moja tu. Pweza huyohuyo akipikwa Tumbe, anapata aliyempika, anapata aliyeuza mkaa, anapata aliyekuna nazi, anapata mtoto wa jirani aliyeleta ndimu. Tafiti za bajeti za kaya za Zanzibar zimeitaja Micheweni kuwa miongoni mwa wilaya zenye umasikini mkubwa kabisa visiwani. Wilaya hiyo ndiyo inayotoa samaki wake wazuri wakaliwe kwingine. Ukilitazama hivyo, suala la karai la jioni si la kujifurahisha tu.

Nije kwenye aibu, maana nadhani ndiyo mzizi wa yote. Tunaona haya kumkaribisha mgeni kwenye chakula tunachokula kila siku. Wali wa nazi na dagaa wa kukaanga, kwetu, ni chakula cha siku ambayo mambo si mazuri. Mgeni akija tunakimbilia kuku na pilau, na tukikosa kuku tunaomba radhi.

Basi nenda Malaysia. Chakula wanachojivunia kuliko vyote ni nasi lemak: wali uliopikwa kwa tui la nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, tango, yai na pilipili ya kusaga. Huuzwa asubuhi barabarani, umefungwa kwenye jani la mgomba au karatasi, na hula tajiri na masikini, Mmalei, Mchina na Mhindi. Pembeni yake kuna roti canai, ambayo Mpemba akiiona ataiita mkate wa kusukuma bila kusita. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza utamaduni huo wa chakula cha asubuhi cha Malaysia kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Singapore jirani yao walitangulia mwaka 2020 kwa vibanda vyao vya chakula cha bei nafuu. Senegal waliingiza wali wao wa samaki mwaka 2021.

Sisemi tukimbilie UNESCO tukaombe cheti. Nasema wali wa nazi na dagaa wa Kuala Lumpur ni fahari ya taifa, na wali wa nazi na dagaa wa Tumbe unafichwa nyuma ya mlango mgeni akibisha hodi. Nazi ni ileile na dagaa ni walewale. Hata shokishoki na doriani tunazozigombania msimu ukifika asili yake ni huko kwao. Wao hawavionei haya.

Na asiniambie mtu kwamba chakula chetu hakina historia ya kusimulia. Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette wamechimba hapahapa Tumbe na wakakuta makazi makubwa ya kati ya karne ya 7 na ya 10. Mwenzao Sarah Walshaw alichunguza punje zilizoungua na kubaki ardhini. Watu wa Tumbe ile ya kale walikula zaidi uwele. Mchele ukaja kushika nafasi baadaye, katika mji wa Chwaka ulioinuka jirani. Fleisher ameandika pia kuhusu mabakuli ya pwani hii na jinsi karamu, yaani kulishana mbele za watu, ilivyokuwa njia ya kujenga heshima na uongozi. Watu wamekuwa wakilishana ardhini kwetu kabla hakujawa na neno "mgahawa."

Hapa ndipo ninapoufikia ule ukweli ulio ndani ya sentensi niliyoanza nayo. Kuna watu ambao Tumbe kweli hawana pa kula nje. Ni wanawake.

Nani anasonga unga wa bajia? Nani anamenya muhogo, anakuna nazi, anaamka alfajiri kuchoma vitumbua? Nani anayeingia pwani maji yakitoka, wakati wa bamvua, kutafuta pweza miambani? Halafu jioni ikifika, chakula kinakwenda barabarani na aliyekipika anabaki uani. Kwenye kahawa wanakaa wanaume. Msichana akitaka pweza anamtuma mdogo wake, au ananunua, anafunga, anaondoka haraka asionekane anatafuna njiani.

Usiku ule tulikuwa wasichana watatu na kijana mmoja. Kwenye kahawa, kijana wetu alisogezewa nafasi kwenye benchi mara moja, bila hata kuomba. Sisi tulisimama na vikombe mkononi. Hakuna aliyetutukana, na mzee mmoja alituuliza kwa upole kabisa, "Wanangu, hamwendi kunywa nyumbani?" Rafiki yangu wa Tanga akamjibu, "Babu, nyumbani kahawa hii haipo." Mzee akacheka. Benchi lakini halikusogea.

Wataniambia ni mila na staha. Staha naijua na ninaivaa, wala sijamtaka mtu aivue. Nauliza tu: kukaa na wenzangu, nimejistiri, nanywa kahawa ninayolipia mwenyewe, kunavunja staha ipi? Forodhani, Unguja, wanawake wa Kiislamu wanakaa na waume zao, watoto wao na mashoga zao mpaka usiku, na dini haijapungua. Na kuhusu mila, Tumbe hii iliyokuwa ikila uwele leo inaapa kwamba bila wali hajala mtu. Mila hubadilika inapotaka.

Kwa hiyo nikisikia mipango ya kuleta utalii Pemba, sina hamu na jengo la vioo ambalo kijana wa Tumbe ataliingia akiwa amevaa sare ya mhudumu tu. Karibu na soko pawekwe paa, maji safi ya kunawia, taa, vyoo vinavyofungika na mabenchi ya kutosha, na ushuru uwe ule ambao muuza muhogo anaumudu. Wanawake wanaopika wapewe meza za kuuzia kwa majina yao wenyewe, ili fedha iingie mkononi mwao bila kupitia kwa mtu. Na mabenchi hayo yakae atakayetangulia kufika.

Nawe msomaji uliyesoma vizuri, utakapokuja, acha biskuti. Shuka Mkoani au Wete, panda gari ya Konde, ukifika Tumbe uliza pweza yuko wapi jioni. Ukikaribishwa, nawa. Ukipewa nafasi kwenye benchi na kuna dada amesimama na kikombe chake, msogezee.