JINO LA MFANYA KAZI SI JAMBO DOGO

Ndugu wanachama wa Iguhu na Ikolomani nzima,

Wako wanaosema chama kishughulike na mishahara tu, mambo ya meno yaachiwe madaktari. Sisi twasema hapana. Mtu aliyekesha kwa jino hawezi kufyatua matofali, wala kuchimba, wala kuendesha pikipiki kwa usalama. Siku yake imepotea, na mshahara wa siku hiyo pia. Basi jino ni jambo la mshahara, na jambo la mshahara ni la chama.

Kwanza tuondoe uwongo. Husemwa kwamba jino huliwa na mdudu, na wako watu wanaochukua shilingi zetu ili wamtoe. Ndugu, mdudu huyo hayuko. Mwaka 1728 tabibu wa meno Mfaransa, Pierre Fauchard, aliandika kwamba alimtafuta asimwone. Mwaka 1890 Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alieleza jinsi jino linavyooza. Kinywani mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokaa katika utando ulioshika meno. Tukila sukari, navyo vyala, kisha hutoa asidi inayoyeyusha gamba gumu la jino. Mate huiondoa asidi hiyo na kulirudishia jino nguvu, lakini kazi hiyo yataka muda, nusu saa au zaidi.

Sasa tazameni siku yetu. Alfajiri chai ya sukari, saa nne chai na mandazi, mchana soda, jioni muwa njiani, usiku chai tena. Mate yatafanya kazi saa ngapi? Ubaya si wingi wa sukari tu, bali ni kuila mara kwa mara. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja katika kumi ya nguvu ya chakula chetu, yaani kama vijiko 12 vya chai kwa siku kwa mtu mzima. Chupa moja ya soda ya nusu lita huweza kuvimaliza vyote.

Uwongo wa pili ni kwamba jino lisilouma ni zima. Kuoza huanza kimya kwa doa jeupe kama chokaa. Hapo jino laweza kupona bila kuzibwa. Kisha huja tundu, kisha maumivu ya baridi na vitu vitamu. Likiuma lenyewe usiku, ugonjwa umefika ndani. Shavu likivimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana sumu yake yaweza kuua. Daktari hulikausha jino, hulitazama kwa taa na kioo kidogo, na mara nyingine hupiga picha ya eksirei aone matundu yaliyojificha kati ya meno.

Sasa tuwageukie waajiri. Wako wanaomwambia mtu, "Meza kidonge, uendelee na kazi." Kidonge hakizibi tundu! Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo, akiugua na kuleta cheti cha daktari, apewe siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Sheria haikusema ugonjwa wa jino si ugonjwa. Tena tangu Oktoba 2024 mshahara wa kila mwezi unakatwa 2.75 kwa mia kwa bima ya afya ya jamii. Anayelipa si mwombaji.

Wala tusiambiwe kuziba ni anasa ya mjini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza katika orodha ya dawa za lazima dawa ya meno yenye floraidi, na dawa ya kuziba inayoweza kutiwa kwa vyombo vya mkono, bila mashine wala umeme. Kwa nini basi mfanya kazi ajue koleo tu?

Kwa hiyo twataka:

1. Ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno kabla ya maumivu, bila kukatwa mshahara, iandikwe katika mkataba wetu na waajiri.

2. Kuziba jino, si kung'oa tu, kupatikane karibu na wafanya kazi.

3. Maji safi ya kunywa kila mahali pa kazi, ili mwenye kiu asilazimike kununua soda.

Nasi tuna wajibu wetu. Tupige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, hasa kabla ya kulala. Mwenye mswaki wa mti aupake dawa hiyo. Sukari tuile pamoja na chakula, si kutwa nzima. Na watoto tuwapigishe mswaki wenyewe, kwa dawa kidogo tu.

Wazee walisema, jino la pembe si dawa ya pengo. Tusingoje pengo. Wanachama, lileteni jambo hili mkutanoni, tulidai kwa sauti moja.

UMOJA NI NGUVU.