Ukali Una Jinsia

Tarehe 4 Agosti 2014, majuma machache kabla ya msimu kuanza, Chuo Kikuu cha Iowa nchini Marekani kilimfuta kazi Tracey Griesbaum, kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa magongo. Alikuwa ameifundisha timu hiyo misimu kumi na minne, na mwaka 2008 aliifikisha nusu fainali ya taifa. Kulikuwa na malalamiko: anawakaripia wachezaji, anawatisha, anawashinikiza wacheze wakiwa wameumia. Chuo kikachunguza. Hakikupata ushahidi wa kutosha kwamba amevunja kanuni yoyote. Kikamfuta hata hivyo, kikamlipa dola 200,000 zilizokuwa kwenye mkataba, na mambo yakaishia hapo. Au ndivyo wakubwa walivyodhani.

Wanaomtetea mkurugenzi wa michezo wa wakati ule, Gary Barta, husema kocha mkali hana nafasi katika chuo cha kisasa. Sawa. Basi tuvuke barabara tuingie upande wa wanaume, chuo kilekile, chini ya mkurugenzi yuleyule. Januari 2011 wachezaji 13 wa mpira wa Kimarekani walilazwa hospitalini baada ya mazoezi yaliyowachosha hadi misuli yao ikaanza kuoza na kuweka figo zao hatarini. Aliyesimamia mazoezi ya nguvu ya timu hiyo alikuwa Chris Doyle. Miezi michache baadaye kocha mkuu alimtunuku Doyle tuzo ya kocha msaidizi bora wa mwaka. Alibaki kazini hadi 2020, wachezaji Weusi waliopita mikononi mwake walipojitokeza kusimulia walivyodhalilishwa. Yeye alikana. Akaondoka na takriban dola milioni 1.1. Kocha mkuu alibaki, na mkurugenzi alibaki.

Watu kumi na watatu hospitalini, tuzo. Makaripio ambayo uchunguzi haukuyathibitisha, barua ya kufutwa kazi. Anayeweza kunieleza tofauti hiyo bila kutaja jinsia ya kocha anitafute.

Wanane walioapishwa kusikiliza kesi mjini Des Moines walielewa upesi. Mwenzi wa Griesbaum, Jane Meyer, alikuwa afisa wa juu katika idara hiyohiyo ya michezo, naye alihamishwa kisha akapoteza kazi baada ya Griesbaum kufutwa na yeye kulalamika. Mei 2017 walimpa ushindi: kwamba alibaguliwa kwa kuwa mwanamke na kwa kuwa anapenda mwanamke, kwamba alilipizwa kisasi, kwamba alilipwa mshahara usio wa haki. Dola milioni 1.43. Kesi ya Griesbaum ilikuwa inafuata. Chuo hakikuisubiri, katika mwezi huohuo kilikubali kulipa dola milioni 6.5 kuzimaliza zote mbili pamoja na gharama za mawakili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya yalitokea Iowa. Uwanja wa magongo wa chuo hicho unaitwa Grant Field, kwa heshima ya Christine Grant, Mskoti aliyekuwa mtu wa magongo kabla ya kuwa mkurugenzi wa michezo ya wanawake pale kuanzia 1973. Wakati huo wanawake walikuwa na idara yao. Grant alistaafu mwaka 2000, idara mbili zikaunganishwa, na usukani ukashikwa na wanaume. Yaliyotokea Iowa ni picha ndogo ya nchi nzima. Kabla ya sheria ya Title IX ya 1972, zaidi ya timu tisa kati ya kumi za wanawake vyuoni Marekani zilifundishwa na wanawake. Leo hazifiki nusu. Sheria ilileta pesa, pesa zikaleta wanaume. Magongo umebaki mmoja wa michezo michache ambako mwanamke bado anaweza kutumaini kufanya ukocha uwe kazi ya maisha yake, na hata hapo anatembea juu ya mayai.

Mtaniambia wachezaji wasikilizwe. Wasikilizwe! Lakini wachezaji wanne wa Griesbaum nao walizungumza: walipeleka malalamiko kwa Wizara ya Elimu ya nchi yao wakisema makocha wa kike wa Iowa wanapimwa kwa kipimo kingine. Sauti za wachezaji ziko nyingi. Mwenye ofisi huchagua ya kusikia.

Nami najua jinsi inavyochaguliwa, maana niliwahi kuichangia. Nilipokuwa nafanya digrii ya kwanza nilichezea timu ya chuo hapa Nairobi. Kocha wetu wa kwanza alikuwa mwanamume. Alitukimbiza uwanjani hadi mtu atapike. Alituita ng'ombe. Siku moja alirusha gongo likapita karibu na kichwa cha golikipa. Tulimwita Baba, na alipoondoka tulichanga tukamnunulia jaketi.

Akaja Madam, aliyewahi kuwa mchezaji. Hakurusha kitu. Aliyechelewa mazoezini aliachwa nje ya kikosi, hata awe nani. Mbele ya wote alimwambia mwenzetu kwamba amenenepa, na hilo lilikuwa kosa. Bado nasema lilikuwa kosa. Tuliandika barua. Saini kumi na nne, yangu ya tatu. Mimi ndiye niliyeinyoosha lugha, nikaweka yale maneno tuliyokuwa tumejifunza darasani: mazingira yenye sumu, afya ya akili, matumizi mabaya ya mamlaka. Maneno hayo nilikuwa nayo pia wakati wa Baba. Sikukumbuka kuyatumia. Kamati ilikaa mara moja tu, na mkataba wa Madam haukuongezwa.

Sisemi makocha watukane. Nasema tukitaka kuzika ukali, tuuzike wote siku moja, na tuanze na wenye mishahara minono. Tukianza na wanawake tutaishia hapohapo, kwa sababu kaburi lao ndilo jepesi kuchimba.

Mwaka jana nilimwona Madam City Park, amekaa jukwaani akitazama mechi ya wasichana wa sekondari. Aliniita kwa jina. Akauliza kuhusu goti langu, maana aliwahi kunikataza kucheza fainali kwa sababu ya goti hilo, nami nikamnunia wiki nzima. Nikamwambia limepona. Akasogea nikae, tukatazama kipindi cha pili, na barua sikuitaja.