Kibao cha kupakia mishale rangi si uvivu

Wacha niseme hili hata kama wazee wataninunia. Kijana akitengeneza kibao cha kuzungushia mishale ili aipake rangi, anaambiwa ameua kazi ya mkono. Ati anatafuta njia ya mkato. Mimi sikubali.

Tuangalie kazi yenyewe. Mshale wa pambo, huu wanaouziwa wageni Malindi na Watamu, una wano, yaani ule mti wake, na pete za rangi karibu na manyoya. Shika wano mkono mmoja na brashi mkono wa pili, uone: pete inapinda, mwanzo na mwisho hazikutani. Mnunuzi akiiona tu anashusha bei. Sasa chukua ubao, pigilia vibao viwili vilivyochongwa mfano wa herufi V, laza wano juu yake, halafu weka kijiti cha kuegemeza brashi. Brashi haisogei. Kinachozunguka ni wano, kwa kidole tu, na pete inafunga yenyewe. Ukitaka kupaka wano zima, ziba bomba la plastiki upande mmoja, tia rangi, funika mdomo kwa kipande cha champali chenye tundu la kubana wano. Chovya, chomoa polepole, raba inafuta rangi ya ziada. Champali zenyewe bahari inatutupia ufukweni bure, zimejaa.

Huo ndio uvivu? Mbona Kiswahili kina neno kukereza tangu zamani? Mafundi wa Lamu walikereza miguu ya vitanda kwa keezo: mti unazungushwa kwa kamba ya uta (ndiyo, uta!) na patasi inangoja mahali pamoja. Sijasikia mtu akisema vitanda vile si kazi ya mkono.

Kuna jambo moja wazee wana haki nalo. Mshale haukuwa pambo. Waata, ambao wengine huwaita Wasanye, waliwinda ndovu kwa uta mrefu na sumu kutoka bara ya Malindi mpaka Tsavo. Kwa Wakamba, alama ya mshale ilionyesha ni wa nani, mnyama akianguka hakuna kubishana. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na wa leo tunauza mishale isiyo na sumu wala kazi. Sasa kibao kinaweza kukutolea mishale mia moja yenye pete zilezile, na hapo ndipo mimi pia naogopa. Itafanana yote kama vijiti vya kiberiti, na dalali ndiye atakayepanga bei.

Lakini kibao hakichagui rangi. Fundi ndiye anayechagua. Anayehangaika siku nzima na mishale michache iliyopinda pete hasomeshi mtoto, ndiyo maana vijana wanakimbilia bodaboda. Muda anaouokoa kwenye kibao aupeleke kwenye alama yake mwenyewe. Mimi ningepiga pete mbili nyeusi, nyekundu moja katikati, kila mshale wangu, na nisingekubali dalali anipangie nyingine.