Jicho Litokalo Machozi, Nalo ni Kavu



Dada yetu mmoja aliyeolewa Kimbo, kando ya barabara kuu ya Thika, ametuletea swali ambalo kina mama wengi hulinyamazia. Mchana kutwa yuko kwenye cherehani, jioni hupikia makaa, na wakati wa kiangazi vumbi humfuata hadi chumbani. Macho humwasha na kumtiririka machozi, lakini daktari amemwambia kuwa ni makavu. Yawezekanaje?

Jawabu ni kwamba machozi si maji pekee. Juu mna mafuta yazuiayo maji yasikauke upesi, na chini mna ute uyashikao maji yakatulia juu ya jicho. Ute ukipungua, maji hayakai. Humwagika shavuni kama mvua juu ya jani la mgomba, na jicho hubaki likiwaka.

Ute huo hutolewa na seli zilizomo katika ngozi laini ifunikayo weupe wa jicho. Kope zinapopepesa, uso wa jicho huachia chembe ndogo ziitwazo nukliotidi, za jamii ileile ijengayo vinasaba vyetu. Chembe hizo hubisha hodi kwenye vipokezi vya seli. Kalsiamu hupanda ndani yake, na seli hufungua akiba yake ya ute. Wataalamu waliiga hodi hiyo, na mwaka 2010 Japani iliidhinisha matone ya dikuafosoli, yaliyoundwa kwa mfano wa nukliotidi.

Nasi tufanyeje? Ashonaye hupepesa kidogo. Basi tusimamishe cherehani mara kwa mara, tufumbe macho kisha tuyafumbue. Jiko la makaa tuliweke penye hewa. Watoto tuwape mchicha, karoti, papai na maini, kwani upungufu wa vitamini A huziangamiza seli za ute.

Tusitie jichoni maziwa, chai wala mate. Wanja tusioujua asili yake tuuepuke, kwani baadhi huwa na risasi. Wala tusijinunulie matone dukani kwa kukisia: yenye steroidi yaweza kupandisha shinikizo la jicho pole pole hadi nuru ikapotea. Na jicho likiuma sana, likitoa usaha au likiona ukungu, twende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie nuru ya macho yetu. Amin.