Mtoto Anapohama Kitanda cha Mama

Kuanzia Machi 2023, shule za Tanzania haziruhusiwi kulaza bwenini watoto wa darasa la awali hadi la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Sababu iliyotolewa na Kamishna wa Elimu katika waraka wake inaeleweka kwa kila mzazi: mtoto wa umri huo anahitaji kulelewa na watu wake na kujenga mapenzi nao. Wazazi wanaochelewa kurudi kutoka kazini walikuwa na haki ya kuuliza nani atamlaza mtoto wao. Hata hivyo waraka ule ulisema jambo moja kubwa, kwamba usiku wa mtoto mdogo ni wa familia yake.

Lakini ndani ya familia upo uhamisho mwingine usio na waraka wowote. Nao ni wa kutoka kitanda cha mama kwenda kitanda cha mtoto.

Magomeni, katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni karibu mwaka mzima, na giza la pwani halina subira. Ikiadhiniwa isha, watoto wengi wadogo wameshaoga na kula. Ndipo siku moja mtoto wa miaka minne, ambaye wiki iliyopita alikuwa hashiki usingizi bila kushika shingo ya mama yake, anabeba mto wake na kuvuka ukumbi kwenda chumba cha dada zake. "Mama, mimi nalala na dada." Mama anamwitikia, "Haya mwanangu, ulale salama." Kisha anabaki na kitanda chenye nafasi ambayo ameitamani kwa muda mrefu, na usingizi hauji.

Hisia zake ni mbili na zote ni za haki. Amefurahi, kwa sababu amenyonyesha usiku kucha, amepigwa mateke ya mbavu, na alfajiri ametakiwa kuamka akawahi sokoni. Amehuzunika, kwa sababu mtu aliyemhitaji kila saa amegundua kwamba anaweza kupumzika bila yeye. Baba naye ana yake, ingawa husema kidogo. Kwa dereva wa bodaboda anayeingia nyumbani saa nne usiku, kumkuta mtoto kitandani kwao huenda ndiyo nafasi pekee ya kumwona siku hiyo. Mtoto akihamia chumba kingine, baba anapoteza hata hiyo.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuzificha hisia hizo. Mama anaambiwa anamdekeza mtoto akisita, na anaambiwa hana huruma akifurahi. Matokeo yake ni maamuzi yanayofuata midomo ya majirani: mtoto anasukumwa kabla hajawa tayari, au anazuiwa wakati yeye mwenyewe ameshataka kwenda.

Kusini mwa Tanzania hapakukosekana njia ya kuzipokea hisia hizi. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, jando na unyago viliifanya hatua ya kumwachia mtoto kuwa kazi ya jamii nzima. Wavulana waliingia kumbini, wakatahiriwa na kufundishwa, na wakarudi na majina mapya. Miongoni mwa mafundisho ni adabu ya chumba cha wazazi: aliyetoka jandoni haingii humo ovyo. Siku ya kutoka, mama alipiga vigelegele huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyemshangaa. Aliruhusiwa kulia na kucheza ngoma siku ileile.

Dini nayo ina mpangilio wake, na Mtwara ya pwani ina Waislamu wengi. Sura ya An-Nur, aya ya 58, inawaelekeza watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya isha. Mafundisho ya Mtume yanataja umri wa miaka 10 kuwa wakati wa kutenganisha malazi ya watoto. Hapana haraka katika mpangilio huo. Mtoto anafundishwa hodi kwanza, kisha anapewa malazi yake, na kati ya mambo hayo mawili ipo miaka ya kumzoesha.

Ukitoka pwani ukaenda Rungwe, utakuta mfano wa ajabu zaidi. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa miaka 10 au 11 walivyoondoka nyumbani kwenda kulala na wenzao wa rika katika kijiji chao wenyewe. Walijijengea vibanda vyao. Lakini chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakipita kwa makundi. Kitanda kilihama, sufuria ya mama ikabaki palepale.

Mifano hii inaonesha kitu ambacho familia za mjini zinaweza kukisahau: kuhama kitanda cha mama hakukuwa na maana ya kulala peke yako. Mwaka 1992, Gilda Morelli, Barbara Rogoff na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha familia za Wamaya wa Guatemala na familia za tabaka la kati Marekani. Wamarekani waliwahamishia watoto vitandani mwao mapema, wakawasaidia kulala kwa hadithi, nyimbo na midoli. Watoto wa Kimaya walilala na mama zao, na mdogo wao alipozaliwa walihamia kwa baba au kwa ndugu. Mama za Kimaya walishangaa kusikia kwamba kuna mtoto mchanga anayelazwa katika chumba chake peke yake. Yeyote aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati na vyumba kila upande, atajiona katika habari hiyo. Mtoto wa Magomeni anatoka kwa mama na kuingia kwa dada, kwa kaka au kwa bibi, na uhuru wake unakua akiwa na mtu pembeni.

Kwa hiyo mzazi hana sababu ya kujilaumu kwamba hana chumba cha mtoto kama vya kwenye picha. Ana sababu ya kuuliza maswali mengine, yaliyo magumu zaidi.

La kwanza ni mbu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliuweka Mtwara miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria kwa watoto chini ya miaka mitano, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Mikoa ya Lindi, Mtwara na Ruvuma ndiyo iliyoanza, mwaka 2013, mpango wa kugawa vyandarua kupitia shule, mwanafunzi akibeba neti kutoka darasani hadi nyumbani. Neti ya pili ndani ya nyumba ndiyo inayofanya kitanda cha pili kiwezekane. Mtoto anayehama afundishwe kuchomekea neti chini ya godoro na kutoegemeza mkono kwenye wavu, na mzazi anayeamka usiku kuikagua asichekwe.

La pili ni nani yumo chumbani. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kuchapishwa 2011, ulionesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Ukarimu wetu wa kumlaza mgeni na watoto, kwa kuwa nafasi ni ndogo, unapaswa kukoma. Mgeni alale sebuleni, au baba ampishe kitanda. Mama anayehisi wasiwasi juu ya mtu fulani aufuate wasiwasi huo, hata kama mtu huyo ni wa ukoo.

La tatu ni hofu tunayoipandikiza wenyewe. Mtoto anatishiwa zimwi ili alale haraka, kisha usiku wa manane anaulizwa kwa nini haendi chooni uani peke yake. Akikojoa kitandani anaitwa kikojozi mbele ya wenzake na kuamriwa aanike godoro barazani. Kitabibu, kukojoa kitandani hakuhesabiwi kuwa tatizo kabla ya miaka mitano, na hata baada ya hapo watoto wengi huacha wenyewe. Ndoo ndogo chumbani na taa ya ukumbini vinasaidia kuliko aibu.

Muda nao una hesabu yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza saa 10 hadi 13 za usingizi kwa mtoto wa miaka mitatu hadi minne, pamoja na usingizi wa mchana. Anayeamshwa saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa awe amelala saa mbili usiku, na hilo haliwezekani ikiwa watoto wakubwa wa chumba hichohicho wanaangalia simu hadi saa tano.

Kuna usiku mtoto aliyehama atarudi. Ameota vibaya, ana homa, au mdogo wake amezaliwa na anataka kuhakikisha kwamba nafasi yake haijachukuliwa. Apokelewe. Kinachostahili kukataliwa ni mzazi kumwita mtoto arudi kwa sababu yeye ndiye mwenye upweke, na kumfanya aone kwamba kujitegemea ni kumkosea mama. Upweke wa mtu mzima uzungumzwe na watu wazima: mume, dada, shoga, mama mkwe.

Serikali inaweza kusaidia kwa gharama ndogo. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inamgusa mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na ilipangwa kufika 2025/26. Awamu yoyote itakayoifuata iingize malazi ya mtoto katika mazungumzo ya kliniki: muuguzi anayempima uzito aulize pia analala wapi, analala na nani, na kama neti ipo. Walimu wa darasa la awali waulize hayohayo katika kikao cha kwanza cha wazazi, na wawape mama na baba nafasi ya kusema wanavyojisikia. Januari, watoto wapya wanapopokelewa, ni wakati mzuri wa kuanza.